Darubini ya milimita 114 kwa kutazama sayari: uzoefu wangu Dar es Salaam

Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba darubini hii inakuza mara 675. Usiinunue kwa sababu ya namba hiyo. Wamegawa urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo kikuu hadi mwanga unapokutana), milimita 900, kwa lenzi ya jicho ya milimita 4, wakazidisha kwa lenzi ya nyongeza ya mara 3. Hesabu ni sahihi, ila utakachoona ni ukungu mtupu. Kioo chenye upana wa milimita 114 hufika kama mara 228 hewa ikitulia kabisa. Mimi sizidi 150.

Kioo chenyewe ni kizuri sana. Kwa lenzi ya jicho ya milimita 25 (mara 36) miezi minne mikubwa ya Mshtarii, yaani Io, Europa, Ganymede na Callisto, inaonekana imejipanga mstari. Rudi baada ya saa mbili, utakuta Io imeshasogea. Kwa lenzi ya 10 (mara 90) inatokea mikanda miwili ya mawingu, na pete za Zohali zinajitenga na sayari yenyewe. Mwaka 2025 pete hizo zilitugeukia ubavu zikawa kama uzi. Sasa zinafunguka tena, kwa hiyo aliyekata tamaa wakati ule ajaribu upya. Lenzi ya 4 iweke kando, nunua ya 6.

Shida kubwa ni stendi. Imetengenezwa kwa watu wa mbali na ikweta. Dar iko karibu digrii 7 kusini, hivyo mhimili wa stendi, ule unaoizungusha darubini kufuata mwendo wa anga, unatakiwa ulale karibu sambamba na ardhi ukielekea kusini. Boliti ya nyuma iligoma kushuka chini ya digrii 15. Nikaweka fupi zaidi. Halafu sayari ikiwa chini mashariki au magharibi, fimbo ya uzani (inayobeba uzito wa kusawazisha darubini) inaning'inia na kugonga mguu wa stendi. Dawa yake: mguu mmoja uelekeze kaskazini, fimbo ipite katikati ya ile miwili ya kusini. Ukiweza kupata darubini ya kioo hichohicho kwenye kitako cha mbao kinachozunguka, chukua hiyo. Utaisukuma kwa mkono, maana kwa ukuzaji wa mara 150 sayari hukatiza duara la lenzi kwa chini ya dakika moja na nusu, lakini hutahangaika na boliti.

Vioo vilifika havijalengana sawasawa. Anza na kioo kidogo mpaka uone kioo kikuu chote ndani yake, ndipo ugeuze skrubu tatu za nyuma, robo mzunguko kila mara. Hakikisha kwa nyota angavu uliyoivuruga fokasi kidogo: duara zake ziwe na kitovu kimoja. Zikiegemea upande, bado.

Taa za jiji hazizuii sayari. Kinachoharibu ni joto la zege na mabati, linaloendelea kupanda mpaka usiku wa manane na kuifanya Mshtarii icheze kama sarafu chini ya maji. Saa tisa hadi kumi na moja alfajiri ndiyo hewa bora. Asteroidi (mwamba unaozunguka Jua) iitwayo Vesta, yenye upana wa kilomita 525 hivi, itabaki nukta tu; chora nyota zilizo jirani, rudi baada ya usiku mbili, nukta iliyohama ndiyo yenyewe.

Kichujio cha Jua kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho, ukikikuta ndani ya boksi, kitupe. Joto linakipasua, na jicho likiungua halirudi.

Usiitoe kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuanza kutazama hapohapo. Unyevu utaganda kwenye kioo. Iache nje nusu saa ikiwa imefunikwa. Ukimaliza, iache ikauke kabla ya kuweka vifuniko, na lenzi zihifadhi kwenye kopo lenye vipakiti vya silika vinavyofyonza unyevu, maana kuvu ikishaota kwenye lenzi haitoki kwa kufuta.