Slaimu ya gundi, uji wa kornifulawa na donge la ngano: nimejaribu zote tatu

Haya jamani, karibuni. Meza mnaiona imetandikwa magazeti, na huyo aliyevaa fulana ya baba yake ni mdogo wangu wa mwisho, miaka mitatu na nusu. Dada yake wa miaka tisa ndiye anayeshika mwiko leo.

Tuanze na slaimu yenyewe, ule ute wa kuchezea unaovutika, maana ndiyo mnayoniulizia kila siku. Gundi nyeupe nusu kikombe, maji nusu kikombe, rangi ya chakula matone mawili. Pembeni nimeyeyusha kijiko kimoja cha chai cha boraksi, ule unga mweupe wa chumvi yenye madini ya boroni, kwenye kikombe cha maji ya moto, yakapoa. Sasa anamimina kidogo kidogo... ona, ona mwiko! Imeshaanza kukamata. Boraksi inazifunga pamoja zile nyuzi ndefu za gundi, ndiyo maana majimaji yanageuka kitu cha kuvutika. Usimimine yote, itakuwa ngumu kama mpira.

Gundi iwe imeandikwa PVA. Wiki iliyopita niliokota ya bei chee isiyo na maandishi ya maana, nikakoroga mpaka bega likauma, ikabaki kama maziwa ya maji. Ile nyeupe ya mafundi seremala inakubali vizuri.

Lakini kuhusu boraksi sitawaficha. Umoja wa Ulaya umeiweka kwenye kundi la kemikali zinazochukuliwa kuwa zinadhuru uzazi, na kwa vitu vya kuchezea vinavyonata wameweka kikomo cha boroni inayoweza kutoka: miligramu 300 kwa kilo. Hapa jikoni nani anapima? Kwa hiyo kupima na kuyeyusha nafanya mimi, huyu mkubwa anachezea kisha ananawa kwa sabuni, na mdogo haigusi kabisa. Kila kitu kwake kinaishia mdomoni.

Yeye nimempa beseni hili. Kornifulawa, yaani wanga laini wa mahindi, vikombe viwili, maji kikombe kimoja, basi. Mwanangu, piga ngumi! Umesikia huo mlio? Uji umekuwa mgumu kama ubao. Sasa legeza vidole... unachuruzika wenyewe. Ukiubana ghafla, chembe za wanga zinasongamana na kukwama. Ukiuacha, maji yanazipitisha. Kwangu mimi huu unaishinda slaimu mbali sana, na una vitu viwili tu.

Msijaribu na sembe. Nimejaribu mimi kwa niaba yenu: chenga zinazama, maji yanabaki juu, umepoteza unga wa ugali. Na ukimaliza usimwage kwenye sinki, utaziba bomba. Uache ukauke, ufagie.

Donge la ngano sina mengi: unga vikombe viwili, chumvi kimoja, maji kimoja, mafuta kijiko, kanda kama chapati. Linafinyangika, watoto wanalipenda nusu saa. Chumvi ni nyingi, kwa hiyo wasilitafune, na mwenye kidonda kidoleni atalia.

Halafu mnaona hili doa kwenye kanga yangu? Slaimu ya jana. Nilisugua kwa sabuni mpaka nikakata tamaa. Sasa tazama, siki kidogo, naisubiri dakika chache... inalegea, inatoka na kitambaa. Hata kwenye nywele inafanya kazi, ila mtoto atanukia kachumbari.

Ngoja nikatishe hapa, mwenzenu ameshaingiza mguu kwenye beseni.