Binti aitwe Amina Rashidi au Amina Zawadi?

Tuchukue Tanzania, na baba aitwe Rashidi Mfaume.

Amina Rashidi Mfaume ndiyo njia ya wengi: jina lake, la baba, la babu. Fomu nyingi zina nafasi tatu, jina la kwanza, la kati na la ukoo, nayo yanaingia bila kubanana. Ubaya wake ni kwamba mtoto ana jina moja tu lake mwenyewe, na darasani wakiwepo Amina watatu, huitwa kwa jina la baba.

Amina Zawadi Mfaume humpa majina mawili, hivyo bibi wa kila upande anaweza kutoa lake (ugomvi umekwisha!). Lakini Rashidi hana pa kukaa. Shida huanza pale cheti cha kuzaliwa kinaposema Zawadi na shule ikaandika Rashidi kwa mazoea. Majina ya vyeti vya mitihani hutokana na usajili wa shule, na kuyaoanisha baadaye ni viapo, ada na safari.

Kwa sikio, Zawadi linakaa vizuri. Amina Asha lingemezana kuwa “Aminasha”, maana a mbili zinagongana. Rehema Neema ni kama kibwagizo.

Sisi tungechagua la kwanza, Zawadi libaki la nyumbani. Mkichagua la pili, andikeni Zawadi kila mahali tangu kliniki. Tahajia nayo iwe moja: Khadija na Hadija, kwenye mfumo, ni watu wawili.