Darasa la C hapa Majengo, Moshi: Jumamosi nne za kuiandika upya printf

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko jirani na soko la Mbuyuni, na kitu nisichowahi kukifungua huwa sikiamini. Kwa hiyo mwalimu wa C, lugha ya kuandikia programu, aliponiambia siku ya kwanza kwamba printf (amri ya C ya kuchapa maandishi kwenye skrini) ni marufuku, tutaitengeneza wenyewe kwa write (inayotoa herufi ghafi) na stdarg.h (zana za kupokea vitu visivyo na idadi maalumu) tu, nililipa elfu sitini yangu palepale.

Chumba kiko juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa 9.

Jumamosi ya kwanza ni alama za kuiambia printf ichape nini: %c (herufi moja), %s (maandishi) na %% (alama ya % yenyewe), nyepesi. Ya pili ndiyo iliyorudisha hela yangu. Miaka yote nilidhani printf inajua umeipa vitu vingapi. Haijui! Inasoma fomati, yaani maandishi yenye alama hizo, herufi kwa herufi. Ikikuta %d inaamini kuna int (namba nzima) inasubiri, inaichukua kwa va_arg, zana ya stdarg.h ya kuchukua kitu kinachofuata. Ukiandika %d mbili ukaleta namba moja, itaokota chochote kilichopo. Mwalimu alituacha tukosee hivyo makusudi, kila mtu akaona takataka zake kwenye skrini, ndipo akaeleza. Na char (aina ya herufi moja) ikipita humo hufika imeshakuwa int, kwa hiyo ukiandika va_arg(ap, char) umeharibu. Hapo nilikwama nusu saa nzima.

Namba unazigawa kwa 10, baki ndiyo tarakimu ya mwisho, hivyo zinatoka kinyumenyume mpaka uzipange. %x ni hesabu ileile kwa 16. Yangu ilipita kila jaribio hadi mwalimu alipoipa -2147483648. Nilikuwa naigeuza iwe chanya kwanza, kumbe int ya biti 32 inakomea 2147483647. Nilirudi Pasua usiku naiwaza hiyo moja iliyokosa pa kukaa. Asubuhi nikaihamishia kwenye long (aina ya namba nzima yenye nafasi kubwa zaidi), maana Linux yangu ni ya biti 64, ikakubali.

Kasoro: soketi 2 kwa watu 9 ni mateso. Na Jumamosi ya mwisho ilibanwa mno. %p (ya kuchapa anwani ya kitu kwenye kumbukumbu) ilipitiwa mbiombio, na kwamba printf hurudisha idadi ya herufi ilizochapa tuliambiwa tumeshasimama kuondoka. Ningelipia ya tano kwa moyo mweupe.

Mwalimu ana subira. Dada mmoja mhasibu aliuliza habari za pointa (kitu kinachoshika anwani ya kingine kwenye kumbukumbu) mara 4, akajibiwa mara 4, kila mara kwa mfano mpya. Mchana kuna mama anauza mtori hapo chini, mzito, wa moto.

Ukienda, uwe umeshazoea while (ya kurudia amri) na safu (vitu vilivyopangwa mfululizo), na ubebe ekstensheni yako.