Mercedes E250 katika yadi ya Barabara ya Bagamoyo: bei, makaratasi na maongezi

Yadi ninayoizungumzia iko kando ya Barabara ya Bagamoyo, jijini Dar es Salaam, na sitaitaja jina kwa sababu baadhi ya niliyoyaona pale hayaipi sifa njema, ilhali mengine yanastahili pongezi ambayo yadi nyingi za jirani haziwezi kuipata. Nilikwenda kununua gari la kifahari lililotumika, Mercedes-Benz E250 ya mwaka 2018 kutoka Japani, toleo ambalo mafundi hulitambua kwa namba W213. Tathmini hii inahusu zaidi namna yadi hiyo inavyopanga bei na inavyokubali kuijadili kuliko gari lenyewe, ambalo uzuri wake umeshasemwa na wengi.

Bei iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele ilikuwa shilingi milioni 98, na chini yake yameandikwa maneno yale tuliyoyazoea: maongezi yapo. Muuzaji, kijana mwenye adabu na shati lililopigwa pasi kunishinda mimi mnunuzi, alitukaribisha kwa kauli ambayo nadhani huitoa kila siku: "Kaka, hiyo ndiyo bei ya mwisho, ila karibu tuongee." Bei ya mwisho inayoongeleka ni bei ya kuanzia, na wanunuzi wengi hapo ndipo wanapojifunga, kwa kuwa huanza kushuka kutoka kwenye namba waliyotajiwa, wakapunguziwa milioni tano au sita, wakaondoka wakijisifu. Aliyepanga pa kuanzia ndiye aliyepanga pia ukubwa wa punguzo. Mimi nilikuwa nimejenga bei yangu kutoka chini kabla ya kukanyaga yadi, na ninaipima yadi hii kwa kiasi ilichokuwa tayari kuijadili bei ya aina hiyo.

Kuijenga bei si kazi ngumu. Kampuni za Kijapani zinazouza magari huku kwetu, kama BE FORWARD na SBT, huweka wazi bei za magari yao mtandaoni, na ukilinganisha magari kadhaa ya mwaka, injini na kilometa zinazokaribiana unapata picha ya bei ya gari likiwa bandarini Japani, kisha unaongeza usafiri wa meli na bima ili kupata thamani ya CIF. Baada ya hapo unafungua kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, unachagua aina ya gari, mwaka, mafuta na ukubwa wa injini, nacho kinakuonyesha thamani ambayo TRA yenyewe inalitambulia gari hilo pamoja na mchanganuo wa kodi. Kodi hukokotolewa kwa thamani hiyo ya TRA, hivyo ankara ya bei ya chini ambayo muuzaji anaweza kukuonyesha, au ya bei ya juu, haibadilishi sana kilicholipwa bandarini.

Kwa viwango nilivyovikuta, kila shilingi 100 ya CIF hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, inakuwa 125. Juu yake inakuja ushuru wa bidhaa, ambao ni asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1,000 lakini haivuki cc 2,000, na asilimia 10 kwa injini iliyovuka hapo. Halafu VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote. Kwa gari lenye injini ya chini ya cc 2,000 ambalo halijafikisha miaka minane, kodi hizo zinafika karibu shilingi 55 kwa kila 100, bila kuhesabu tozo ndogo ndogo. Likifikisha miaka minane linaongezewa asilimia 15 ya uchakavu, na kodi inapanda hadi 77. Likivuka miaka kumi uchakavu unakuwa asilimia 30, na hapo kodi inakaribiana na thamani ya gari lenyewe. Anayetaka kuelewa kwa nini magari mawili yanayofanana kwa macho yanapishana bei kwa mamilioni aanzie hapa, kabla ya kuangalia rangi na viti.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonisaidia katika hoja ya kwanza ya muuzaji, na ndipo yadi hii ilipopoteza alama. Nilipouliza kwa nini E250 yao ilipishana sana na E200 iliyoegeshwa pembeni yake, nilijibiwa kwamba injini ya E250 ni ya cc 2,500 na kwa hiyo ushuru wake ni mkubwa. Zamani namba ya nyuma ya Mercedes ililingana na ukubwa wa injini, lakini kwa miaka mingi sasa sivyo. E200 na E250 za toleo hili zinatumia injini ileile ya petroli ya cc 1,991, iliyopangwa kutoa nguvu tofauti: farasi 184 kwa moja na 211 kwa nyingine. Zote mbili ziko chini ya cc 2,000, na zote zinatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5. E250 ni ghali zaidi kule inakotoka, na tofauti hiyo ni halali kuilipia, ila haitokani na kiwango cha ushuru. Nilimwonyesha kikokotoo kwenye simu. Kwa sifa yake, hakubishana, alimwita mkubwa wake, mzee mmoja aliyekuwa anakunywa kahawa kibarazani, naye akasema kwa utulivu, "Mpe karatasi za gari, huyu anajua anachokitafuta." Sina hakika kama kijana alinidanganya au alikuwa anarudia alichoambiwa na dalali fulani, na kwa mnunuzi matokeo ni yaleyale.

Karatasi hizo ndizo zilizoipandisha yadi hii machoni pangu. Ilikubali kutoa karatasi ya mnada ya Japani, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari lilipouzwa mnadani, ambayo yadi nyingi husema imepotea, imebaki kwa wakala au haikuwahi kuwapo. Gari lilikuwa na daraja la 4 kwa jumla na herufi B kwa ndani, mwaka umeandikwa 30 kwa kalenda ya enzi ya Heisei, yaani 2018, na kilometa 61,000, wakati dashibodi ilisoma mia chache juu ya hapo. Kwenye mchoro wa gari palikuwa na alama kadhaa za A1, ambazo ni mikwaruzo midogo, na alama moja ya W2 kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, maana yake mlango huo uliwahi kunyooshwa na kupakwa rangi, na kazi yenyewe inaonekana ukitazama vizuri. Tulilisogeza gari juani. Ukiinama ukautazama mlango ule kwa pembeni, kivuli cha nguzo ya umeme kilijikunja juu yake wakati kwenye mlango wa mbele kilinyooka. Si kasoro ya kumkimbiza mtu, kwa kuwa hapakuwa na alama ya XX ya kubadilishwa bodi wala daraja la R linalowekwa magari yaliyopata ajali na kutengenezwa, lakini ina thamani mezani, nasi tuliiweka mezani.

Hoja ya pili ilikuwa taili. Ubavuni mwa kila taili kuna tarakimu nne, mbili za kwanza zikionyesha wiki na mbili za mwisho mwaka wa kutengenezwa. Taili zote nne zilisomeka 18 mwishoni, kwa hiyo zilikuwa na umri wa gari, ingawa kashata zake bado zilionekana nene na zilikuwa zimepakwa dawa ya kung'aa. Taili za inchi 19 za gari la namna hii hazinunuliwi kwa fedha ya mboga. Kisha ufunguo: tulionyeshwa mmoja tu, na ufunguo wa pili wa Mercedes hauchongwi mtaani, sharti uagizwe na kuingizwa kwenye mfumo wa gari kwa kompyuta. Mwisho ni skrini, ambayo ilikuwa bado inaongea Kijapani, pamoja na ramani ya Japani isiyomfaa mtu anayetaka kufika Tegeta.

Yadi iliruhusu fundi wetu aje na mashine yake ya kupimia mfumo wa gari, ikaruhusu pia tuliendeshe hadi Mwenge na kurudi, jambo ambalo baadhi ya wauzaji hulikataa kwa kisingizio cha bima. Fundi hakukuta hitilafu ya injini wala ya gia. Hili nalihesabu kuwa sehemu ya bei: yadi inayokuachia fundi wako mwenyewe alale chini ya gari inaweza kudai zaidi kidogo kuliko ile inayokutaka uliamini kwa picha, na sioni ubaya wa kuilipa tofauti hiyo.

Kwa hesabu yangu, gari lile lilimgharimu mwenye yadi karibu milioni 78 hadi kusimama pale, ikijumuisha kodi, gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili. Nilitaja milioni 84, nikaeleza ninavyoifikia: gharama zake, faida yake, ukitoa taili, ufunguo na mlango. Mzee aliicheka ile namba kidogo, lakini hakuikataa hesabu yenyewe. Alichokipinga ni faida. Akasema gari lingine la aina hii akiliagiza mwakani litakuwa limeingia kwenye uchakavu, hivyo hili haliwezi kuuzwa kwa bei ya jana. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Kodi ya gari lililoko yadini imeshalipwa na haiongezeki kwa kuwa mwaka umegeuka, ila gharama ya kuleta lingine la kuziba nafasi yake inaongezeka kweli, na mfanyabiashara mwenye akili hupanga bei akiangalia mzigo unaokuja. Upande wa pili, nilimkumbusha, mnunuzi naye atakuwa na gari lililozeeka mwaka mmoja zaidi. Tulifungana kwenye milioni 88, yadi ikigharamia ufunguo wa pili na kubadilisha lugha ya skrini, na mimi nikibeba taili.

Hapo ndipo lilipokuja jambo lililonikera kuliko yote. Baada ya kupeana mikono, tukaletewa mkataba wenye mstari mpya wa shilingi milioni 1.2 ulioitwa "gharama za makaratasi". Hazikutajwa wakati wa maongezi na hazikuwa na mchanganuo wowote. Nilipouliza, kijana alisema kila mteja huzilipa. Zilifutwa nilipoweka kalamu chini, lakini mtu aliyekwisha kuipigia familia simu kwamba gari limepatikana hawezi kuiweka kalamu chini kwa urahisi, na waliouandika mstari huo wanalijua hilo. Nashauri neno la kwanza katika maongezi liwe kwamba bei inayotajwa ni ya gari likiwa na kadi kwa jina la mnunuzi, na isiwepo nyingine.

Pia tulidokezwa kwamba bei ingeweza kushuka milioni tatu zaidi kama hatungedai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Tulikataa. Sheria inambana mnunuzi asiyedai risiti pamoja na muuzaji asiyeitoa, na zaidi ya hapo, risiti ndiyo ushahidi wa bei uliyolipa siku ukitaka kuuza, kukata bima kubwa au kubishana na yadi yenyewe. Waliitoa bila kinyongo. Bei zote zilitajwa kwa shilingi, kama kanuni za mwaka 2025 zinavyotaka kwa mauzo ya ndani, ingawa mzee alikuwa anahesabu kwa dola chini ya pumzi yake.

Kuhusu mkopo nitasema kwa ufupi, kwa kuwa sikuutumia. Yadi inatoa utaratibu wa kulipa asilimia 40 kwanza na kiasi kinachobaki kwa miezi sita, huku kadi ikibaki kwao, na katika utaratibu huo milioni 98 inarudi kuwa milioni 98, maongezi yanafungwa. Anayekopa benki yuko mahali pazuri zaidi, kwa sababu benki hutuma mthamini wake, na namba ya mthamini ni silaha ambayo muuzaji hawezi kuipuuza. Aliyeamua kulipa kidogo kidogo yadini aulize jumla ya fedha zote zitakazomtoka hadi mwisho, si rejesho la mwezi.

Kwa jumla naipa yadi hii alama tatu na nusu kati ya tano. Uwazi wa karatasi ya mnada na uhuru wa fundi vinastahili tano. Maelezo ya ushuru na ule mstari wa gharama za makaratasi havistahili hata mbili. Ningeirudia kwa sedani za injini ya chini ya cc 2,000 zilizo ndani ya miaka minane, ambazo wanazileta zikiwa na karatasi zake. Kwa E400 waliyokuwa nayo siku ile, yenye injini ya cc 3,498 na isiyo na karatasi ya mnada, sikuona sababu ya kuanza maongezi. Ufunguo wa pili ulichelewa kidogo kuliko walivyoahidi, lakini ulifika, na kishika uchumba, yaani fedha ya awali niliyowaachia, kilikatwa kwenye malipo ya mwisho hadi senti.