TAHADHARI: Mitungi ya nitrasi iliyopakwa rangi mpya hapa Houston, na mlioko nyumbani mnaotumiwa mitungi hiyo

Wakuu habari zenu. Naandika hii moyo haujatulia kabisa, maana najua sio mimi peke yangu niliyenunua.

Kuna jamaa hapa Houston anauza mitungi ya mkono wa pili ya nitrasi, ile gesi inayoingizwa kwenye injini kuongeza nguvu, kwa sisi wenye magari ya kukimbiza. Anaongea Kiswahili safi kabisa, ukimpigia anakuita mdogo wangu, anakuuliza kwenu mkoa gani, mpaka mnafika kwenye bei umeshamwona ni ndugu na unaona aibu hata kumuuliza maswali. Mimi alinipa mtungi wa paundi 10, yaani unabeba nitrasi ya uzito huo, bluu inang'aa, una geji ya presha juu na hita yake ya blanketi ya kuupasha ili presha ipande, akasema umejaa na umeshapimwa, kuna stika imebandikwa inasema hivyo. Bei nusu ya dukani. Tukakutana parking ya supamaketi, nikamrushia hela kwa simu, risiti hamna, nikaufunga kwenye buti la Mustang yangu nikaenda zangu.

Kilichoniokoa ni kwamba nilipita duka la kujazia nitrasi kuuliza kitu kingine kabisa. Mzee wa pale alivyouona akapitisha kidole gumba kwenye bega la mtungi, pale chini ya valvu, akaniuliza mihuri iko wapi? Nikamwambia itakuwa chini ya rangi. Akachukua kisu akawa anakwangua taratibu, rangi inatoka nene kama ganda la yai, na chini ya rangi kuna bodifila, ile ile ya kuzibia mabodi yaliyobonyea! Alivyoichimbua ndio ikatokea 3AL 1800, yaani mtungi wa alumini wa presha ya kazi psi 1,800 (psi ni kipimo cha presha), na mwezi na mwaka, 2006. Baada ya hapo hamna muhuri mwingine wowote wa kupimwa. Kwa sheria ya Marekani mtungi wa aina hii unapimwa kila baada ya miaka 5, wanaujaza maji wanausukuma mpaka psi 3,000 waone kama unatanuka kupita kiasi, ukipita wanagonga tarehe mpya kwenye chuma chenyewe. Stika sio kipimo jamani, stika hata mimi naprinti.

Na hiyo rangi yenyewe ni ile ya unga inayookwa kwenye oveni, inapikwa karibu digrii 180 mpaka 200, na alumini ya mitungi hii ikipita kama 175 inaanza kupoteza nguvu. Kwa hiyo mtungi haujapimwa miaka yote hiyo, na juu yake umeokwa.

Nikauacha pale mpaka kesho yake, ukalala kwenye AC ya digrii 21. Asubuhi geji ya yule jamaa inasoma 550, mzee akafunga geji yake, 750. Hapa naomba msome taratibu maana wengi tunakosea. Presha ya nitrasi haikwambii mtungi umejaa kiasi gani, inafuata joto, ilimradi bado kuna nitrasi ya maji maji ndani. Kwenye digrii 21 inakaa mitaa ya 750, ikifika 30 hivi inakuwa kwenye 900 mpaka 950, ambako ndiko seti nyingi za vifaa vya nitrasi zinataka, na ikipita 36.4 yale maji maji yanaisha yote yanakuwa gesi na mtungi uliojaa presha yake inapanda haraka sana. Kujua umejaa au la ni mizani tu, unatoa uzito wa mtungi mtupu uliogongwa begani. Wangu ulikuwa na paundi 3. Kumbe "umejaa" yake alikuwa ananionyesha geji.

Sasa geji ikidanganya 200 chini, wewe unapasha unaona 950 unajiona uko sawa, kumbe uko 1,150. Petroli inakuja ile ile uliyoseti, nitrasi inaingia nyingi, mchanganyiko unakosa petroli, pistoni zinayeyuka. Hiyo ni injini tu, injini inanunulika.

Nikamwonyesha na ile hita. Akafuata waya na mkono, kufika katikati kuna teipu nyeusi imezungushwa, akaibandua, waya mbili zimesokotwa pamoja. Pale ndipo ilitakiwa iwepo swichi ya presha inayokata umeme ikifika kiwango. Imetolewa. Yaani hita ikiwashwa haizimi mpaka uzime mwenyewe, na Houston hii mnaijua Agosti gari likisimama juani ndani linakuwaje hata bila hita.

Mzee akautoa nje akamwaga gesi yote, akahakikisha ni mtupu kabisa, ndio akafungua nati ya usalama pembeni ya valvu. Ndani ya ile nati kunatakiwa kuwe na kisahani chembamba kinachopasuka presha ikikaribia psi 3,000, gesi itoke kabla mtungi haujapasuka. Kilichodondoka mkononi mwake ni kipande cha shaba kigumu, kinene kama sarafu, pembeni bado kina alama za meno ya msumeno. Mtu alikaa chini akakata hicho kitu akijua kabisa anachoziba! Nilikaa kwenye ngazi za duka kama dakika kumi siongei, maana Jumamosi iliyopita mwanangu alikuwa siti ya nyuma na mtungi uko mgongoni kwake.

Nilimpigia jamaa, akasema nimeuharibu mwenyewe, halafu akaniblock. Hela sizidai tena. Kinachonisumbua ni tangazo lake kwamba anatuma Nairobi na Dar kwenye kontena pamoja na vyombo vya watu. Mtungi wenye gesi ni mzigo wa hatari, unatakiwa utangazwe, sio kufichwa kwenye magodoro.

Kwa hiyo mtungi wowote ambao mihuri haisomeki kwa jicho, acha, hata auze nani. Kama ulishanunua kwake, chomoa hita sasa hivi, funga valvu, uweke kivulini mbali na nyumba, na tafadhali usifungue ile nati ya pembeni mwenyewe wakati kuna gesi, itakuua. Upeleke kwa wanaopima mitungi, uufunge nyuma ya pikapu ya wazi, usiuweke ndani ya gari na watu. Wangu wameutoboa matundu mawili makubwa ili asije mtu akaupaka rangi tena.