Kupima hatari za bidhaa: kuzidisha alama au kusoma jedwali?

Timu inayobuni bidhaa mpya ikifika kwenye uchambuzi wa hitilafu, ule wa FMEA, ubishi huu hauepukiki. Wakongwe wanatetea RPN, yaani namba ya kipaumbele cha hatari: toa alama 1 hadi 10 kwa ukubwa wa madhara, uwezekano wa kutokea na ugumu wa kugundua, kisha zidisha. Wengine wanataka AP, yaani kipaumbele cha hatua: jedwali la kusomea alama hizo hizo tatu, lililoletwa mwaka 2019 na mwongozo wa pamoja wa jumuiya za sekta ya magari, AIAG ya Marekani na VDA ya Ujerumani. Lenyewe lina majibu matatu tu: juu, kati, chini.

Kwa gharama na wepesi, RPN inashinda. Faili moja la Excel linatosha, na hata fundi mgeni ataielewa siku hiyo hiyo. AP inadai mafunzo.

Kwenye kuaminika mambo yanageuka. Bomba la breki linaloweza kupasuka: 10 × 4 × 2 = 80. Kifuniko kinachopiga kelele: 4 × 5 × 5 = 100. RPN inakutuma ukashughulikie kelele kwanza! AP inaweka breki juu, kelele chini. Hili linanikera kweli, maana muda wa timu ni mdogo na hapa tunazungumzia roho za watu.

Kuzitunza ni kazi ile ile: muundo ukibadilika, pitia upya.

Unauzia viwanda vya magari? Fuata anachodai mteja wako. Unatengeneza meza au mabegi? RPN itakufaa, ila chochote chenye madhara ya 9 au 10 kitangulie, hata hesabu ikitoka ndogo.