Fundi baiskeli wa Magomeni, Mtwara: mwenye Raleigh ya mzee wake ampelekee huyu

Wadau wa Mtwara na Lindi wenye baiskeli za wazee zimelala stoo, naomba msiziuze chuma chakavu kabla hamjapita kwa huyu mzee wa Magomeni. Banda lake halina bango, ni mabati na turubai chini ya mwembe, we ulizia fundi wa Raleigh bodaboda watakuonesha. Naandika haya baada ya kumsindikiza rafiki yangu na baiskeli ya marehemu baba yake aliyekua mwalimu Newala, na sio habari ya kuambiwa, nilikua pale pale nashika spana na kusugua kutu.

Yenyewe ni Raleigh ya kiume, taili 28, breki zile za vyuma sio za waya, na gia tatu ambazo ziko ndani ya habu ya nyuma (kile kitovu cha gurudumu). Juu ya habu pamegongwa Sturmey-Archer AW, ndo jina la kampuni na aina ya habu yenyewe, halafu 68 na 3, mzee akafuta grisi kwa kidole akatusomea, hii imetengenezwa mwaka 1968 mwezi wa tatu. Rafiki yangu alikua hajui kabisa, akaanza kupiga hesabu baba yake alikua na umri gani anaipanda.

Hali yake sasa, aisee. Ilining'inia ukutani Shangani, hapa hapa Mtwara, miaka na miaka na upepo wa chumvi wa huku mnaujua, madigadi imeliwa, cheni imekakamaa kama fimbo, kranki (ile mikono ya pedali) haizunguki hata ukiikanyaga. Fundi wa kwanza tuliyempa (simtaji) alishika nyundo akataka kuzitwanga kotapini, zile pini zinazobana mikono ya kranki, hapo hapo, na habu akasema tutupe atuwekee friwili ya kawaida. Tukabeba mzigo wetu tukaondoka.

Kwa mzee mambo tofauti kabisa. Kwanza hakugusa nyundo siku hiyo, alidondoshea oili nyepesi kwenye kotapini akasema iacheni ilale. Kesho yake akalegeza nati lakini hakuitoa, akaiacha ifike mwisho wa uzi ili ncha isipondeke, halafu akasimamisha kipande cha bomba la chuma kuanzia sakafuni mpaka chini ya mkono wa kranki, ndo akapiga pigo moja la nguvu. Nikamuuliza bomba la nini, akasema bila hilo nguvu yote inaishia kwenye gololi na vikombe vinavyozishika, na vikombe vya Raleigh usivichezee maana uzi wake ni mwembamba kuliko wa baiskeli nyingine, nyuzi 26 kwa inchi, vya dukani haviingii. Kwa hiyo vikombe vya zamani alivisafisha kwa mafuta ya taa akavirudisha, akabadilisha gololi tu, za robo inchi, 11 kila upande, na grisi mpya. Kotapini mpya nazo hakuzigongelea hivi hivi, alizipiga tupa kidogo kidogo anajaribisha mpaka zikakaa, moja inatazama huku nyingine kule, zikiangalia upande mmoja pedali zinakua hazinyooki. Hapa ndo nilipomkubali huyu mtu moja kwa moja.

Ile habu ambayo ilitakiwa itupwe hata hakuifungua. Aliisafisha kwa mafuta ya taa kupitia kile kitundu chake cha kuwekea oili, akazungusha weee mpaka uchafu mweusi ukaisha, akaweka oili nyepesi na gia zote tatu zikashika. Iliyobaki ilikua ni kurekebisha waya wa gia tu. Akatuonesha uweke gia ya pili halafu uchungulie kwenye nati ya upande wa kulia, kile kijiti cha ndani kiwe sawasawa na mwisho wa ekseli. Kama haiko sawa kuna sehemu kati ya gia ya pili na ya tatu pedali inaenda bure, na kama umesimama juu ya pedali unaangukia bomba la fremu, mwenye kuelewa maumivu yake ataelewa. Kila mwenye AW ajifunze hili, ni kazi ya dakika chache.

Taili na tyubu hazikusumbua, ni saizi ile ile ya Phoenix za kichina kwa hiyo sokoni zipo, mipira ya breki pia. Hizi breki zinabana rimu kwa ndani, upande unaotazama habu, na rimu ni ya chuma, mvua ikinyesha zinateleza, kwa hiyo masika shika breki mapema.

Rangi hatukupaka. Mzee alipendekeza tupige nyeusi mpya na kibiashara ingemlipa zaidi, ila rafiki yangu alitaka mistari ya dhahabu ibaki pamoja na ile nembo ya mbele yenye kichwa cha korongo, akakubali bila kununa. Kromi tulisugua wenyewe kwa karatasi ya foili na maji, inatoa kutu vizuri kuliko msasa na haichubui.

Mapungufu yapo. Hana risiti, na haharakishwi, ukimsimamia kichwani anaweka spana chini anawasha redio. Msimu wa korosho kuanzia Oktoba wakulima wanajaa na baiskeli zao za mizigo, hapo utasubiri sana, bora uende kabla. Bei mpatane mwanzo kabisa, vifaa mbali na ufundi mbali, sisi alituambia tununue wenyewe tulete na hakuongeza hata mia. Nyota nne, ya tano nimeitoa kwa sababu ya muda tu.

Tumeijaribu mpaka Mikindani, kama kilomita 10, gia ya tatu inakwenda kimya na usukani hautetemeki hata ukiachia mkono mmoja. Kilichobaki ni siti, ngozi imekauka imepasuka pembeni na rafiki yangu hataki ya plastiki, mzee naye amesema ngozi sio kazi yake. Mwenye kumjua fundi ngozi mzuri Lindi au Masasi atuelekeze tafadhali, chuma chake na springi bado ni vizima.